Pumba Pekee Hazikuzi Vifaranga wa Samaki

Wafugaji wa samaki Kata ya Nangwa wanakumbushwa kuwa kifaranga aliyedumaa huchelewa kufikia uzito wa kuuzwa, na hasara hubaki kwa mfugaji.

Vifaranga wadogo wa sato na perege huhitaji chakula chenye protini asilimia 40 hivi. Samaki wakubwa hutosheka na 25 hadi 30. Pumba za mahindi zina takriban asilimia 10 tu.

Hata hivyo, wingi wa protini hautoshi. Protini huundwa na asidi amino, na 10 kati ya hizo samaki hawezi kujitengenezea mwilini. Mashudu ya alizeti, zao letu Hanang, yana upungufu wa laisini. Soya ina laisini ya kutosha lakini methionini kidogo. Dagaa wana zote mbili. Vikichanganywa, kimoja hufidia upungufu wa kingine.

Kilo 4 za dagaa wakavu wasio na mchanga, 3 za soya iliyokaangwa na 3 za mashudu hutoa takriban asilimia 40. Visagwe viwe unga laini, vifaranga walishwe kidogo kidogo mara kadhaa kwa siku. Soya mbichi isitumike, kwani huzuia mmeng'enyo wa protini.

Kwa ushauri zaidi, muone afisa uvuvi wa Halmashauri kabla ya kupandikiza vifaranga bwawani.