Mkokoteni wa Ndia Kuu na salio lako: kwa nini pesa husubiri zamu

Ukipita Ndia Kuu, Mji wa Kale, saa za jioni, unaijua shida ya mkokoteni. Mmoja ukiingia na magunia, sisi wengine tunabana ukutani mpaka upite. Pesa zako za simu nazo zina uchochoro wao, na leo tunataka tuingie humo, kwa sababu kila siku tunaulizwa: "Mbona muamala umekwama?"

Tuseme unauza viazi karai karibu na Fort Jesus. Salio lako ni Sh2,000. Mteja anakutumia Sh300, na papo hapo wewe unamlipa aliyekuletea viazi Sh500. Mtambo una kazi mbili kwenye salio moja, na kila kazi ina hatua tatu: kusoma salio, kupiga hesabu, kuandika jibu. Zote mbili zikisoma 2,000 kwa pamoja, moja itaandika 2,300, kisha nyingine itaandika 1,500 juu yake. Ulipaswa kubaki na Sh1,800. Sh300 za mteja zimepotea, na hakuna mwizi.

Dawa yake ni operesheni ya atomiki. Hatua zote tatu zinafungwa ziwe tendo moja lisilokatika katikati: ama limefanyika lote, ama halijafanyika kabisa. Kufuli ambazo mitambo ya pesa huweka kwenye akaunti zimejengwa juu ya matendo madogo kama haya, ndani ya prosesa, ule ubongo wa kompyuta.

Sasa dawa hii ina bei, na zamani ilikuwa ghali kweli. Prosesa ya Intel 486, iliyotoka 1989, ilifunga njia nzima ya kwenda kwenye memori. Ni kama kufunga Ndia Kuu yote kwa ajili ya mkokoteni mmoja. Hata aliyetumwa mahamri tu, asimame. Kuanzia Pentium Pro ya 1995, data ikiwa tayari kwenye kashe, ile hifadhi ndogo iliyo karibu, prosesa hufunga kipande hicho pekee. Mlango mmoja, si mtaa mzima. Lakini Pentium 4 ya 2000, pamoja na sifa zake zote za mbio, ilitumia zaidi ya mapigo 100 ya saa yake ya ndani kwa tendo moja la aina hii. Prosesa nyingi za sasa hutumia kama 20, na kujumlisha kwa kawaida ni pigo moja tu. Namba kubwa kwenye boksi, sisi wa masoko tunajua, haisemi yote.

Basi kabambe yako ndiyo inachelewesha? Hapana. Salio halihesabiwi kwenye simu yako, linahesabiwa kwenye mtambo. Na hata yale mapigo 100 ya Pentium 4 ya kwanza hayafiki sehemu moja ya milioni kumi ya sekunde. Safari ndiyo ndefu: mitambo ya M-Pesa ilikuwa Ujerumani hadi 2015, na kwenda huko na kurudi, hata kwa kebo za baharini zinazotua hapa Mombasa tangu 2009, huchukua muda mrefu kuliko hapo zaidi ya mara milioni moja.

Bei ya kufuli huonekana pale wengi wanapogombania akaunti moja. Fikiria duka la leso Biashara Street mkesha wa Idd, wateja wote wanalipa namba ile ile. Kila malipo yasubiri yaliyotangulia yamalize, na foleni ikirefuka, hata vipande vidogo vya muda hujumlika.

Hapo ndipo watu huumia, kwa sababu ukiona kimya unabonyeza tena. Atomiki inalinda kila muamala usikatike katikati. Haijui kwamba ulikusudia kutuma mara moja. Kwa mtambo, kubonyeza mara mbili kunaweza kuwa malipo mawili halali, na yote mawili yakapita vizuri kabisa.

Kwa hiyo ujumbe ukichelewa, angalia salio kabla ya kurudia. Kama limepungua, pesa zimeshatoka; mwombe muuzaji naye aangalie lake. Yeye hana chake? Tupigie ukiwa na kiasi, saa uliyotuma na namba ya mpokeaji. Namba yako ya siri hatutaiuliza.