Sauti ya Mwimbaji Ikifunza Mashine

Julai 2021 mwanamuziki Holly Herndon alifanya jambo ambalo waimbaji wengi wangeliogopa: aliitoa sauti yake itumiwe na yeyote. Aliweka mtandaoni chombo kiitwacho Holly+. Ukikipa rekodi, hata ya gitaa au ngoma, kinakurudishia muziki uleule ukiwa umeimbwa kwa sauti ya Herndon. Mwaka uliofuata alitoa wimbo "Jolene" wa Dolly Parton, na iliyouimba ni sauti hiyo ya kompyuta.

Hilo linawezekanaje? Tamka neno "sasa" mbele ya maikrofoni, kisha ulitazame kwenye programu inayochora sauti. Mchoro wake huitwa spektrogramu: muda unakwenda kutoka kushoto hadi kulia, sauti nzito zinakaa chini, nyembamba juu, na panapong'aa ndipo penye nguvu. "S" inaonekana kama vumbi lililotanda sehemu ya juu. Hiyo ni kelele tupu, haina noti. "A" inajichora kwa mistari ya mlalo iliyopangana, mingine ikiwaka zaidi ya mingine. Umbali kati ya mistari unatokana na kasi ya kutetema kwa nyuzi za sauti kooni. Ipi iwake na ipi ififie huamuliwa na umbo la koo na kinywa. Ndiyo maana watu wawili wakiimba noti moja, bado utajua huyu ni nani na yule ni nani.

Mashine hujifunza mpangilio huo wa mistari inayowaka na inayofifia. Hupewa rekodi za mwimbaji, ikakisia sauti inavyopaswa kuwa, ikajilinganisha na rekodi halisi, ikasahihisha, kisha ikarudia tena na tena. Mwishowe haikati vipande vya rekodi na kuviunganisha, bali inazalisha sauti mpya ambazo mwenyewe hajawahi kuzitoa. Hapo ndipo sheria na desturi zetu za muziki zinapopwaya, kwa sababu zimezoea kulinda wimbo na rekodi, si uwezo wa kuimba kama fulani.

Herndon hakulifikia swali hili la umiliki wa sauti kwa bahati. Alizaliwa Tennessee, Marekani, akakulia kisanaa katika kumbi za muziki wa elektroniki za Berlin, kisha akapata shahada ya uzamivu Chuo Kikuu cha Stanford. Katika "Chorus", wimbo wa 2014, alitumia sauti zilizonaswa kwenye kompyuta yake alipokuwa akiperuzi intaneti. Baadaye, yeye na mwenzake Mat Dryhurst waliunda Spawn, akili mnemba waliyoiita mtoto. Waliifunza kwa sauti ya Herndon na ya waimbaji waliokusanyika Berlin, na katika onyesho moja hadhira nzima iliitikia kwa pamoja ili Spawn isikie. Mwaka 2018 waliilisha midundo ya mtayarishaji Jlin, nayo ikajibu kwa sauti ya Herndon. Matokeo ni "Godmother", kazi iliyojaa kukwaruza, kuhema na kugongagonga kwa midomo. Kelele hizo zina thamani kubwa kwa msikilizaji makini, kwani zinafichua mahali mashine inapobahatisha.

Kisha akaligeukia suala la picha. Mwaka 2022 yeye na wenzake walianzisha Spawning, wakatoa chombo cha kumwezesha msanii kuangalia kama kazi zake zimo katika LAION-5B, hazina ya picha zaidi ya bilioni 5 zilizokusanywa mtandaoni kufunzia mashine. Katika maonyesho ya Whitney Biennial ya 2024, yeye na Dryhurst walikuja na mashine ya kuchora ambayo, ukiiagiza lolote, inakupa Herndon mwenye nywele nyekundu zilizokuzwa kupita kiasi. Kwa kuwa mashine zilikuwa tayari na taswira yake, aliamua kuiharibu taswira hiyo kwa mkono wake.

Katika kazi zote hizi naona msimamo mmoja ninaouunga mkono kwa moyo wote: ridhaa itangulie. Herndon haifungii sauti yake sandukuni, wala hasubiri iibwe. Anaitoa kwa masharti aliyoyaweka mwenyewe, na alipoanzisha Holly+ alipanga kwamba kazi rasmi ikiuzwa, aliyeitengeneza na wanaosimamia sauti hiyo wagawane mapato.

Waimbaji wetu wa taarabu, wa injili na wa bongofleva wanahitaji msimamo huo leo. Kiswahili tayari kimo katika Common Voice, mradi wa Mozilla ambao watu huchangia sauti zao kwa hiari wakijua zitafunza mashine. Sheria ya Kenya ya Ulinzi wa Data ya 2019 inataja utambuzi wa sauti miongoni mwa data za kibayometria. Tunapo pa kuanzia, lakini mikataba mingi bado inazungumzia rekodi peke yake. Mwimbaji anayeingia studio adai kifungu kinachosema wazi kama sauti yake itafunza mashine, nani ataitumia, kwa muda gani na kwa malipo gani. Kifungu hicho kisipokuwepo, asitie saini.