Samaki simba: mwindaji anayepuliza maji

Samaki simba wa pwani yetu ameharibiwa jina. Habari zinazotufikia kutoka Florida na Bahamas humwita mvamizi, mlafi, adui wa matumbawe, na picha haibadiliki: mzamiaji mwenye mtungi wa hewa mgongoni ameshika mkuki, samaki kachomwa kichwani. Hapa Mpanda, ambako tunakula migebuka na dagaa wa Ziwa Tanganyika kutoka Karema na Ikola, ni rahisi kuamini kwamba kiumbe huyo ni balaa popote alipo. Si kweli hata kidogo. Pterois miles ni mwenyeji wa Bahari ya Hindi, na ameishi kwenye matumbawe ya Afrika Mashariki tangu zamani bila kuyamaliza. Watafiti waliolinganisha Kenya na Bahamas, wakachapisha matokeo mwaka 2011, waliwakuta wa Bahamas ni wengi zaidi na wakubwa zaidi kuliko wa huku kwao.

Kinachonivutia mimi ni uwindaji wake. Hana mbio. Hutandaza mapezi ya ubavuni mpaka yakawa ukuta, akamsogeza samaki mdogo polepole hadi kwenye pembe ya mwamba. Akishamkaribia, hukaza mdomo na kumpulizia maji. Samaki akihisi mkondo, maumbile yake humtuma ageuke aukabili. Basi huyu mdogo hugeuka, na anachokikabili ni mdomo wa mwindaji. Kufumba na kufumbua, kamezwa kichwa kwanza, miiba yake ikilala bila kumkwaruza mlaji. Mbinu hii imeonekana kwa ndugu yake wa Pasifiki, Pterois volitans, ambaye ndiye aliyetapakaa zaidi upande wa Amerika. Tumbo likijaa hutanuka hadi mara 30 ya ukubwa wake wa kawaida. Katika jaribio lililofanyika Bahamas na kuchapishwa mwaka 2008, kwenye vijimwamba alikowekwa samaki simba, idadi ya samaki wachanga wapya ilishuka kwa asilimia 79 ndani ya wiki tano tu.

Hakujipeleka huko. Alionekana Florida mara ya kwanza mwaka 1985, na inaaminika alimwagwa baharini na watu waliokuwa wakimfuga kwenye matangi ya kioo. Pterois miles wetu naye amepita Mfereji wa Suez, na tangu mwaka 2012 anaenea Kupro na nchi jirani.

Nyavu hazimwezi, kwa sababu hujibanza mapangoni. Ndiyo maana kazi ikawaangukia wazamiaji wa starehe, wanaomtoa mmoja mmoja kwa mkuki. Mashindano ya kumvua yanafanyika tangu mwaka 2009. Miiba yake 18 ina sumu: 13 mgongoni, 2 tumboni, 3 karibu na mkia. Aliyechomwa hutumbukiza mkono kwenye maji ya moto kiasi anachoweza kuvumilia, maana joto huivunja sumu hiyo. Nawaheshimu sana wazamiaji hawa, ila wanachofanya ni palizi isiyokwisha. Mzamiaji wa starehe huishia mita 40. Samaki simba ameonekana kwenye kina kinachozidi mita 300. Wanaowindwa mara kwa mara hujifunza kujificha mchana. Hata hivyo, wakipunguzwa vya kutosha, samaki wenyeji hurudi, na hilo limethibitishwa.

Na anayevuliwa ana faida. Nyama yake haina sumu: hukaangwa, huchomwa, huliwa mbichi kwa ndimu, mapezi hutengenezwa hereni, ngozi mikoba.

Sasa tuangalie kwetu, ambako sisi nasi tunaleta samaki wageni. Mabwawa ya samaki yanachimbwa, na vifaranga wa sato hununuliwa mbali na kusafirishwa kwenye mifuko ya nailoni iliyojazwa hewa. Sato huyo aliwahi kupandikizwa Ziwa Viktoria miaka ya 1950, na sasa amekutwa kwenye mabonde mengi ya mito ya Tanzania ambako hakuwapo asilia. Huzaliana na perege wenyeji, na baada ya vizazi kadhaa hujui tena yupi ni yupi. Maji ya Mpanda huingia mto Katuma, hupita hifadhi ya Katavi, hushuka kwa mto Kavuu mpaka Ziwa Rukwa, kwa perege anayebeba jina la ziwa hilo, Oreochromis rukwaensis. Rukwa ni tope, kina kifupi, viboko na mamba. Hakuna mzamiaji atakayeshuka humo kuchagua mgeni na mwenyeji, na nakasirika kuona watu wakigawa vifaranga bila kuuliza bwawa linamwagikia wapi. Mdomo wa kila bomba la kutolea maji ufungwe wavu wa matundu madogo, na kingo zipandishwe kabla ya mvua za Novemba, kwa sababu bwawa likifurika usiku mmoja, vifaranga wameshafika Katuma.