Soseji ya Karoti na Watoto wa Chicago

Binti wa ndugu yangu anaishi Chicago pamoja na mumewe na watoto wawili. Majuzi alinipigia simu, akanisalimu, kisha akauliza: "Ami, soseji ya mboga ikichomwa kwenye wavu mmoja na ya nguruwe, yaliwa?"

Watoto walikuwa wamealikwa na wenzao wa shule kutazama besiboli Wrigley Field, uwanja uliofunguliwa mwaka 1914, ambao ukuta wake wa mwisho umefunikwa na mmea utambaao uliopandwa 1937. Mchezo una vipindi tisa na huweza kuchukua saa tatu. Wenzao walikula. Wao, kwa kutojua hali ya wavu, walikunywa maji.

Nilimjibu kwamba mboga ni halali kwa asili yake, lakini mafuta ya nguruwe yakiigusa, haifai. Akiwa na shaka, aiache. Jibu lilikuwa sahihi, wala halikumshibisha mtoto.

Basi akaingia jikoni mwake. Hotidogi ya Chicago (jina lisikutishe, ndugu msomaji, hamna mbwa ndani yake) ni soseji ya ng'ombe katika mkate mrefu wenye mbegu juu, pamoja na haradali ya manjano, achari tamu ya kijani, kitunguu kilichokatwakatwa, vipande vya nyanya, tango la siki, pilipili ndogo za siki na chumvi ya seleri. Husimuliwa kwamba katika dhiki ya miaka ya 1930 wachuuzi waliujaza mkate mboga ili mtu ashibe kwa senti tano. Tazameni basi: karibu yote ni bustani. Kilichohitaji kubadilishwa ni kimoja tu.

Alichagua karoti zenye unene wa soseji, akazimenya na kuziviringa ncha. Mara ya kwanza alizichemsha mno, zikakatika juu ya makaa. Mara ya pili alizitoa baada ya dakika kumi hivi, kisu kikiingia lakini karoti ingali imara. Akazilaza usiku kucha ndani ya jokofu katika sosi ya soya, siki kidogo, maji, kitunguu saumu, pilipili tamu iliyofukizwa moshi, na bizari nyembamba, ambayo Chicago haiijui katika jambo hili lakini Mombasa yaijua. Sosi ya soya isomwe karatasi yake kwanza, kwani baadhi huongezwa pombe. Asubuhi alizipaka mafuta, akazichoma mpaka zikapata alama za wavu.

Si nyama, wala hazijifanyi nyama. Moshi na chumvi ndivyo vinavyofanya kazi, na haradali hukamilisha.

Jumapili walizila mbele ya televisheni, mchezo ukiendelea. Mdogo alimaliza mbili kabla ya kipindi cha nne, akaomba sosi ya nyanya. Dadake akamkatalia: watu wa Chicago hawaitii hiyo.