Je, Wajua? Kibajuni Kimewahi Kuwa Ushahidi Mahakamani

Wabajuni wa visiwa vya kusini mwa Somalia, kama Koyama na Chula, walipoomba hifadhi Uingereza baada ya serikali ya nchi yao kuanguka mwaka 1991, wengi hawakuwa na hata cheti cha kuzaliwa. Ukweli wa madai yao ukapimwa kwa maswali ya uvuvi, ya majina ya vijiji na kwa ulimi: unakisema Kibajuni, lahaja yao ya Kiswahili? Mwaka 2004 baraza la rufaa za uhamiaji lilitoa uamuzi wa mwongozo kuhusu suala hilohilo.

Mtu wa Lamu, Kenya, angekicheka kidogo kipimo hicho. Kibajuni husemwa pande zote mbili za mpaka wa Somalia na Kenya, na mtoto wa mkimbizi aliyekulia Mombasa huokota Kimvita, lahaja ya huko.

Wasomali wengine walioomba hifadhi walirekodiwa sauti, zikachambuliwa na kampuni ya Sweden iliyoziandikia ripoti. Mwaka 2014 Mahakama ya Juu ya Uingereza iliruhusu ripoti hizo zipokewe, lakini ikamkanya mchambuzi wa lugha asijitie kuamua kama mwombaji anaifahamu nchi yake, ikiwa hajaonyesha utaalamu wa jambo hilo.