Geti la Shule na Barabara Iliyo Mbele Yake

Kuhamisha geti la shule ni kazi ya fundi mwashi na vibarua wake. Ukuta unatobolewa upande wa pili, pale pa zamani panazibwa kwa tofali, geti linachomelewa bawaba mpya, kazi imekwisha. Kwa shule ya msingi iliyo ukingoni mwa barabara yenye magari mengi, kazi hiyo ndogo inaweza kuokoa maisha. Kengele ya kutoka ikilia, watoto hawamwagiki tena barabarani. Wanatokea uchochoroni, mahali ambapo gari hupita kwa nadra.

Dar es Salaam ina mfano wa kazi ya namna hii, nao unastahili kujulikana zaidi hapa nyumbani. Shirika la Amend liliendesha mpango wa kukagua na kurekebisha barabara za jirani na shule, unaojulikana kwa kifupi cha SARSAI. Kwanza hutafutwa shule ambazo wanafunzi wake wako hatarini zaidi kugongwa. Kisha wataalamu hupita njia zilezile wanazopita watoto, wakiangalia wanavukia wapi na magari yanatokea upande gani. Ndipo kinajengwa kinachotakiwa: matuta, zebra, alama za barabarani, njia ya miguu pembeni, vigingi vya kuzuia magari na pikipiki kuipanda njia hiyo, na penye haja, geti jipya. Watoto nao hufundishwa namna ya kuvuka.

Watafiti walipolinganisha maeneo yaliyorekebishwa na yale ambayo hayajaguswa, walikuta watoto wanaoumia wamepungua kwa zaidi ya robo. Mwaka 2019, mpango ukiwa tayari umefika nchi tisa za Afrika, ulishinda tuzo ya Ross inayotolewa na World Resources Institute kwa miradi inayobadilisha miji. Zawadi yake ilikuwa dola 250,000. Kazi iliyoshinda ilikuwa ya zege, rangi na vibao.

Tuta huokoa maisha kwa sababu hupunguza mwendo. Gari linalokwenda kilomita 50 kwa saa, mwendo ambao ndio ukomo wa kisheria kwenye makazi nchini Tanzania, hukata karibu mita 14 kila sekunde. Dereva akimwona mtoto na kuchelewa sekunde moja tu kukanyaga breki, mita hizo 14 zimekwisha kabla gari halijaanza hata kupunguza mwendo. Kwa kilomita 30 kwa saa, sekunde hiyohiyo hula mita 8 na kitu. Tena nguvu ya kishindo haiongezeki sawasawa na mwendo: gari la kilomita 50 humgonga mtu kwa nguvu inayokaribia mara tatu ya gari hilohilo likiwa kwenye 30. Ndiyo maana mawaziri na wataalamu waliokutana Stockholm Februari 2020 walihimiza ukomo wa kilomita 30 mahali ambapo watu na magari huchangamana. Mbele ya shule, sokoni na kwenye kituo cha daladala ni mahali pa namna hiyo.

Mtoto wa darasa la pili, hata afundishwe vipi, ni mfupi. Daladala likisimama mbele yake haoni kinachokuja, na anayekuja hamwoni yeye. Kukadiria mwendo wa pikipiki inayomjia ni hesabu inayozidi umri wake. Kwa hiyo kauli inayosikika kila ajali inapotokea, kwamba waenda kwa miguu hawafuati sheria, haitoshi hata kidogo. Barabara inayotaka mtoto asikosee hata mara moja ni barabara mbovu.

Shirika la Afya Duniani lilikadiria vifo vya ajali za barabarani kwa mwaka 2021 kuwa milioni 1.19, na zaidi ya mmoja kati ya kila watano waliokufa alikuwa akitembea kwa miguu. Kanda ya Afrika ya shirika hilo ilibeba karibu moja ya tano ya vifo vyote, ilhali magari yake ni asilimia ndogo mno ya magari ya dunia.

Miji yetu inapopata fedha hukimbilia kujenga vikubwa. Barabara ya Thika jijini Nairobi ilikamilika mwaka 2012 ikiwa na njia nane, na anayetaka kufika ng'ambo hutegemea madaraja ya juu. Dar es Salaam nayo ina madaraja ya namna hiyo juu ya barabara ya Morogoro, likiwamo la Manzese. Kwenye barabara ya kasi, daraja la juu ni bora kuliko kukosa kivuko kabisa. Lakini ni nani anayepandishwa ngazi? Ni mama mwenye ndoo kichwani, mzee mwenye magoti mabovu, mtu wa kiti cha magurudumu asipojengewa mteremko. Aliyekaa ndani ya gari huachiwa njia iliyonyooka. Watu wanaokatiza chini ya daraja wanafanya hesabu ya miguu yao, na mpangaji wa barabara angepaswa kuijua hesabu hiyo kabla ya kuchora.

Mradi wa mabasi ya mwendokasi wa Dar es Salaam ulionyesha kwamba inawezekana kufikiri vingine. Awamu yake ya kwanza, takriban kilomita 21 kutoka Kimara hadi Kivukoni na matawi yake, ilianza kazi mwaka 2016. Vituo viko katikati ya barabara, kwa hiyo kila abiria ni mvukaji, na wajenzi walilazimika kuweka zebra na taa za kuvukia chini, pamoja na njia za miguu pembeni. Jiji lilipata Tuzo ya Usafiri Endelevu ya mwaka 2018, la kwanza barani Afrika kuipata.

Njia ya miguu ikishajengwa hupata wapangaji. Gari huegeshwa juu yake, bodaboda huikatizia foleni, machinga hutandika bidhaa. Mwishoni mwa 2021 wamachinga waliondolewa kwenye njia hizo Dar es Salaam na miji mingine. Lakini muuza matunda hufuata wateja, na wateja wake ndio hao wanaotembea. Njia pana yenye sehemu yake maalumu ingewatosha wote wawili. Barabara ya Luthuli katikati ya Nairobi ilirekebishwa mwaka 2019 kwa mtazamo huo: magari yakapunguziwa nafasi, watembeao wakaongezewa.

Kamati ya shule isisubiri mradi mkubwa. Barabara nyingi za mitaa Tanzania ziko chini ya wakala wa serikali, TARURA, na barabara kuu na za mikoa chini ya wakala mwingine, TANROADS. Wazazi waulize barabara iliyo mbele ya shule yao ni ya nani, wachore mahali watoto wanapovukia, kisha wapeleke barua ya kuomba tuta na zebra kupitia serikali ya mtaa na diwani wao. Na kama ukuta wa shule una upande ulio salama zaidi, waanze na geti.