Chuma Hakina Mlango wa Kutokea

Ukisimama Circular Quay mjini Sydney, upande mmoja unaona daraja la chuma lililofunguliwa mwaka 1932, ambalo hupakwa rangi tena na tena lisiliwe na kutu. Upande wa pili ni Bennelong Point, lilipo jumba la Opera, mahali ambapo walowezi wa kwanza walichoma makombe, ambayo yana kalsiamu, ili kupata chokaa ya kujengea. Metali hizi mbili, chuma na kalsiamu, zina tabia tofauti kabisa, na tofauti hiyo ndiyo inayoamua namna mwili unavyozihifadhi. Kalsiamu ikishaachia elektroni zake mbili imetulia, iwe kwenye kombe, saruji au mfupa. Kwa hiyo mwili huilimbikiza bila hofu: karibu kilo moja kwa mtu mzima, asilimia 99 ikiwa kwenye mifupa na meno, na ziada hutoka kwa mkojo. Chuma ni kigeugeu; huachia elektroni mbili, huongeza ya tatu, kisha huirudisha. Ugeugeu huo huzisaidia seli kupata nishati, lakini chuma kikizurura huru huchochea kemikali zinazoziharibu seli hizo hizo. Ndiyo maana mwili hukifungia ndani ya protini, gramu 3 hadi 4 tu, nyingi zikiwa kwenye himoglobini. Hauna njia ya kukitoa kwa makusudi, hivyo ulinzi wote uko utumboni, ambako homoni ya hepsidini huamua kiasi cha kupita: kwa kawaida miligramu 1 hadi 2 kwa siku.

Hapo ndipo chai ya maziwa baada ya chakula, desturi ambayo Waafrika Mashariki wengi wa Sydney hawajaiacha, inaposhtakiwa. Mwaka 1991 Leif Hallberg na wenzake nchini Sweden walionyesha kwamba kalsiamu ndani ya mlo hupunguza chuma kinachofyonzwa. Msomaji atauliza: mbona wazee wetu waliinywa maisha yote? Pingamizi hilo lina uzito. Majaribio ya muda mrefu ya vidonge vya kalsiamu kwa jumla hayakuonyesha akiba ya chuma ikishuka, kwani mwili hujirekebisha. Kwa maoni yangu maziwa yanaonewa. Mshtakiwa mkubwa ni majani ya chai yenyewe, ambayo tanini zake hushikamana na chuma cha maharage na mchicha. Anayekula nyama mara kwa mara hana la kuhofia sana. Mwanamke wa miaka 19 hadi 50, ambaye mwongozo wa Australia unamtaka apate miligramu 18 kwa siku dhidi ya 8 za mwanamume, aisogeze chai saa moja au mbili mbele na kukamulia ndimu kwenye maharage, maana vitamini C hukirudishia chuma elektroni na kurahisisha ufyonzwaji wake.

Kuhusu vidonge vya chuma vinavyouzwa madukani, usivinunue kwa kubahatisha eti kwa sababu umechoka. Mwombe daktari akupime feritini, protini inayoonyesha akiba ya chuma, kwanza, kwa kuwa chuma kikishaingia kwa wingi, mwili hauna pa kukitolea.